Sweta la Nice, Kabla na Baada

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi. Mlima haujaonekana tangu Alhamisi. Sijali. Na mimi sitaki kuonana na mtu.

Kandida, mke wangu wa miaka thelathini na minne, ametangaza leo huku akimenya ndizi kwamba binti yetu Nice akijifungua mwezi ujao hatakuja hapa Kijenge kukaa uzazi. Atabaki Terrat kwa mama mkwe wake. Na yeye Kandida atahamia huko huko miezi mitatu, na sufuria yake ya mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama wa wazazi. Nikauliza mimi nitakula nini. Akasema nile maneno yangu, mbona yako mengi.

Maneno gani? Niliyasema Septemba, siku ya mahari, hapa hapa sebuleni, na yalikuwa ya kweli. Nayaandika tena ili ukoo ujue. Wakwe walileta blanketi la mama wa binti, kama mila inavyotaka. Mama wa mkwe wetu Yiamat, jina lake Namnyaki, akalikunjua mbele ya wazee akasema ni sufu tupu. Sasa mimi Abdiel ni fundi. Miaka thelathini nafuma masweta ya shule. Nikashika ncha. Vidole vikakataa. Nikachomoa uzi mmoja, nikawasha njiti ya kiberiti, nikauchoma. Sufu ikiungua hunuka nywele na hubaki jivu. Ule uliyeyuka ukawa kidonge cheusi, kigumu. Nikakipitisha kidonge kwa wazee, mmoja mmoja, wakishike. Nikasema hii ni plastiki.

Kosa liko wapi? Nilikuwa sahihi! Lakini Namnyaki alitoka nje analia, Yiamat akainamisha kichwa, na Nice tangu siku ile hajanisemesha. Hata shikamoo. Siku ya harusi nilimsindikiza hadi madhabahuni kimya, kama askari na mfungwa. Sharti lake ni moja. Niende kwa mama mkwe wake nikamwambie nisamehe. Miezi tisa sasa. Sijalisema na sitalisema. Fundi haombi msamaha kwa kuujua uzi.

Lakini fundi ana akili. Terrat kuna upepo wa kukata masikio. Nice ni mjamzito na hana sweta linalofunga mbele ya tumbo. Nitamfumia. Atalivaa, atalia, atapanda gari mwenyewe kuja kunishukuru. Hakuna nisamehe. Kandida atabaki na sufuria yake hapa.


Jumanne, 10 Juni

Nimechora. Nimejistaajabia.

Wanawake wa mji huu wakipata mimba huvaa masweta ya waume zao. Aibu. Wakijifungua huyatupa, yamevutika, hayana umbo. Langu halitupwi. Mbele lina vipande vitatu badala ya viwili. Kushoto, kulia, na cha katikati, ambacho kinashikwa na vifungo pande zote mbili. Tumbo likiwepo, kipande kinawekwa. Mtoto akizaliwa, kipande kinatolewa, sweta linafunga kama sweta la mtu yeyote, na linafunguka vizuri kwa kunyonyesha. Na kile kipande? Kinakuwa kiblanketi cha mtoto. Nani mwingine Arusha nzima angefikiria hilo?

Kimebaki kipimo tu. Nikamwomba Kandida akienda Terrat ampime Nice tumbo. Akaniangalia kama nimemtukana marehemu mama yake. Akasema tumbo halipimwi, ni kumchuria mtoto, hata mwezi wa mimba hautajwi hovyo. Akasema kama nina hamu ya kupima nianze na mdomo wangu.

Ushirikina ndani ya nyumba ya Kikristo. Nitapima bila yeye.


Alhamisi, 12 Juni

Siku ya fedheha, na kosa si langu.

Nje ya duka langu Agnela huuza chai na chapati. Ana mimba kubwa kama ya Nice, na urefu ni ule ule. Mungu aliniwekea kipimo mlangoni! Kumwomba siwezi, mimi ni mzee wa kanisa. Nikakata uzi, nikaufunga mafundo kila inchi moja, nikasubiri ainame kuchukua birika. Nilikusudia kuupitisha kwa nyuma, niukutanishe mbele, niondoke. Asingejua.

Alijua. Alipiga kelele iliyofika mnara wa saa. Mumewe Oscar huchomelea mageti ng'ambo ya barabara. Alikuja na kile chuma chake mkononi. Nikamweleza kwa utulivu kwamba nilikuwa naazima tumbo la mkewe kwa dakika moja tu. Hayo maelezo hayakusaidia.

Nimetoka na kifungo kimoja cha shati. Agnela ameapa sitakunywa chai yake tena mpaka atakapozeeka. Na huyo Oscar anashinda na miwani myeusi usoni, ilikuwaje aone kitu kidogo kama uzi?


Jumamosi, 14 Juni

Ushindi. Nimelipata tumbo bila kumgusa mtu.

Nice hunificha picha anazoweka kwenye simu. Kandida anaziona zote. Leo Kandida ameingia kuoga, nikachukua simu yake. Namba ya siri ni mwaka tuliofunga ndoa. Nilibahatisha mara ya tatu.

Nimemkuta. Amesimama uani Terrat, ubavu kwa ubavu na ndoo ya maji, anacheka. Uso umejaa kidogo. Amefunga kitambaa kile cha njano alichokuwa akifunga tangu yuko chuo. Nilimwangalia muda kidogo kwa sababu za kitaalamu.

Halafu nikafanya kazi. Ndoo ya lita ishirini naijua, ninayo moja dukani, hapa mbele ya nyumba. Nikaweka rula juu ya kioo cha simu. Nikapima ndoo, nikapima tumbo, nikaenda kupima ndoo yangu, nikazidisha. Jibu lilikuwa kubwa. Nikasema basi, damu ya kwetu haizai panzi.

Kandida alinikuta nimekumbatia ndoo na utepe wa kupimia. Hakuuliza kitu. Baada ya miaka thelathini na minne haulizi tena.


Jumatatu, 16 Juni

Sufu. Lazima iwe sufu. Mtu aliyechoma uzi wa mwenzake hawezi kupeleka plastiki.

Madukani hakuna. Kila unachogusa ni akriliki, plastiki ile ile, na muuzaji anaapa kwa jina la Mungu. Nikaenda soko la Kilombero hapa mjini, kwenye mitumba. Ujanja wa zamani wa mafundi, unanunua sweta kuukuu la Mzungu, unalifumua, unapata nyuzi. Nikakuta moja la kijani, kubwa, aliyelivaa lazima alikuwa na mwili wa tembo. Nikachomoa uzi, nikawasha njiti. Mwenye meza, mmoja anayeitwa Simel, alinirukia. Akasema nimekuja kuunguza soko. Nikamwambia anuse. Akanusa. Nywele! Nilitaka kumbusu. Yeye alitaka niondoke.

Nimefumua mchana kutwa. Nyuzi zimejikunja, nimezifua, nimezining'iniza uani na mawe chini yake ili zinyooke. Kandida amepita akauliza kama nimeanza biashara ya tambi.

Masweta ya shule ya Sokon One yanasubiri. Yasubiri. Watoto wana damu ya moto.


Ijumaa, 20 Juni

Nimefuma siku nne. Mgongo unauma. Kushoto tayari, kulia tayari, mgongo tayari, mikono tayari. Sweta kubwa kupita yote niliyowahi kufuma. Linajaza meza na kushuka hadi sakafuni. Nikakagua hesabu ya ndoo. Hesabu ni sahihi.

Na sufu imekwisha.

Imebaki donge la ukubwa wa limau, na kipande cha katikati bado chote. Nimerudi Kilombero mbio. Simel aliponiona alifunika meza kwa turubai.

Nimekaa dukani naangalia rafu. Kwenye rafu kuna nyuzi za ile shule ya Sokon One. Kijani. Nikaziweka karibu na sufu, chini ya taa, mlangoni kwenye mwanga wa jua. Mapacha. Mama mzazi asingewatofautisha.

Akriliki, ndiyo. Nimefikiri dakika nzima. Kwanza, sufu huwasha ngozi ya mtoto mchanga, na kile kipande ndicho kitakachokuwa cha mtoto. Kwa hiyo ni huruma. Pili, akriliki hufuliwa kwa urahisi. Tatu, ni kipande kimoja kati ya sita. Na nne, katika ukoo wote huu mpya mwenye vidole vya kujua ni mmoja, naye ni mimi.

Nimemaliza saa kumi na nusu. Limependeza mno.


Jumatatu, 23 Juni

Sasa ujanja wenyewe. Sweta limekamilika, lina matundu kumi na mawili ya vifungo, na halina kifungo hata kimoja.

Makusudi! Vifungo ninavyo mimi, mfukoni, vya mbao, nimevisugua mwenyewe. Nice akilipokea ataona upepo unapita. Atauliza vifungo viko wapi. Ataambiwa viko Kijenge kwa baba yako, nenda akavishone. Atakuja. Akija nitashona kimoja kimoja, polepole. Kufikia cha tano tutakuwa tunaongea.

Kandida amelifunga sweta kwenye kanga na kwenda nalo Terrat. Akauliza kama nina ujumbe wowote. Nikasema ujumbe ni sweta. Akasema sweta halina mdomo. Nikasema ndiyo maana linapendwa kuliko watu.


Jumatano, 25 Juni

Kandida amerudi. Sijui nianzie wapi.

Walicheka. Nice alilivaa, likamzunguka, likabaki. Yiamat akaingia naye humo ndani, wakatembea uani wawili kwenye sweta moja na majirani wakaja kutazama. Kandida alikuwa anafuta machozi akinisimulia. Nikamwambia haiwezekani, nilipima kwa ndoo. Ndoo gani, akauliza. Nikamwambia. Akakaa chini kabisa. Ile ndoo ya kwenye picha aliinunua yeye, zawadi ya jikoni ya Nice. Ni ya lita kumi.

Nani anatengeneza ndoo ndogo yenye umbo lile lile la kubwa, rangi ile ile, mpini ule ule? Nchi hii haiwajali mafundi.

Hata hivyo Kandida anasema Nice amekataa kulivua. Amekunja mikono mara tatu na kulivaa hivyo hivyo, maana Terrat baridi haina utani. Nikauliza amesema nini kuhusu mimi. Akasema hakusema kitu. Nikauliza kuhusu vifungo. Akasema ameulizia. Aha! Ndoano imenasa.

Nimefagia duka. Nimeweka kiti karibu na mashine.


Jumapili, 29 Juni

Baada ya ibada Yiamat alinifuata nje ya kanisa. Kijana ana adabu, hilo linanikera zaidi. Alinipa shikamoo, akashika mkono wangu kwa mikono miwili, akanishukuru kwa sweta. Nikasema marahaba. Nikamwambia vifungo ninavyo hapa hapa mfukoni, Nice aje wakati wowote.

Akasema asante baba, usisumbuke, mama ameshashona.

Mama ameshashona! Namnyaki! Hakuna aliyemwomba. Ametengeneza vifungo kumi na viwili vya shanga, nyekundu, nyeupe, buluu na rangi ya chungwa, kila kimoja kivyake. Yiamat akanionyesha picha. Nilitaka kuona kasoro. Nilikuza picha kwa vidole. Nilikuza tena. Shanga zimekaa mstari kama zimepimwa kwa mashine.

Mtu anaingia kwenye sweta la mwenzake kwa mlango wa vifungo! Kazi yangu ya siku nne sasa watu watauliza vifungo tu. Nimerudi nyumbani na vifungo vyangu vya mbao vinagongana mfukoni njia nzima.


Jumatano, 2 Julai

Mwalimu wa ile shule ya Sokon One amekuja kuchukua masweta. Kwa kuwa nyuzi zilipungua, matatu ya mwisho mikono inaishia kwenye kiwiko. Nikamweleza kuwa ndio mtindo mpya, mwanafunzi anaandika bila kuchafua mkono. Akanitaka nilivae moja mbele yake. Mwalimu hana ucheshi hata kidogo.


Jumanne, 15 Julai

Amejifungua. Asubuhi, saa tatu na dakika kumi. Mtoto wa kike. Wote wazima.

Kandida alilia, akaimba, akanikumbatia, akakumbuka kuwa amekasirika, akaniachia. Saa tano alikuwa ameshafunga safari. Mkungu wa ndizi mshare, nyama, siagi, sufuria kubwa. Mlangoni aligeuka akasema, Baba Nice, twende. Twende ukaseme. Ni neno moja, halina hata mfupa. Nikamwambia sweta langu liko kule, linanitosha kuniwakilisha.

Akanitazama kwa huruma. Ningependelea angenitukana.

Halafu jina. Wametangaza jina kwenye simu nikiwa nimesimama. Mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina la bibi mzaa baba. Ni mila. Na mbaya zaidi ni mila yetu sisi Wachaga, mimi mwenyewe nimeipigania kwenye vikao. Siwezi kubisha. Mjukuu wangu wa kwanza duniani anaitwa Namnyaki!


Ijumaa, 18 Julai

Maharage yameungua. Jana pia. Sijui Kandida huyafanyaje, maana sufuria ni ile ile na maji ni yale yale. Agnela naye amejifungua, chai hakuna kabisa, na Oscar akiniona anashusha miwani.

Kandida amepiga simu. Anasema mtoto ana masikio yangu. Yamesimama vile vile. Anasema kila anayeingia anauliza haya masikio ya nani.

Nimekaa dukani bila kuwasha mashine. Nice nilimlea chini ya mashine hii. Kandida alikuwa sokoni anauza, mimi nilimweka kwenye kikapu cha nyuzi, na mlio wa mashine ndio uliokuwa unamlaza. Nikisimamisha mashine, anaamka. Kwa hiyo nilifuma hata siku ambazo hakuna aliyeagiza sweta. Nina hamu na mwanangu. Haya, nimeandika. Tuendelee.

Nina ujanja mpya. Kofia. Mkono mtupu haulambwi. Nitafuma kofia ya mtoto kwa lile donge la sufu lililobaki. Nitakwenda nayo. Kofia lazima ijaribiwe. Huwezi kumjaribishia mtoto kofia bila kumshika. Nikishamshika, nani atamtoa mikononi mwa babu yake? Nisamehe itakuwa imepitwa na wakati.


Jumapili, 20 Julai

Naandika nikiwa Terrat, kwenye kiti cha uani.

Nilifika mchana. Namnyaki alikuwa mlangoni anachochea moto chini ya maziwa. Nilikuwa nimepanga kusalimia huku natembea, salamu na hatua kwa pamoja, niwe nimeshaingia kabla hajajibu. Nikasema takwenya, salamu ya Kimaasai. Akajibu iko, akasogeza kigoda chake. Kikaziba mlango.

Nikachungulia juu ya kichwa chake. Nice alikuwa kitandani amekaa, amevaa sweta. Kipande cha katikati kimetolewa. Na lile sweta, ambalo watu walilicheka, upande mmoja umelala juu ya mwingine, kifua kimefunikwa mara mbili, joto mara mbili. Linafunga na vifungo vya shanga. Limemkaa. Sikukosea ndoo. Nilitangulia tu.

Akainua uso. Akasema, shikamoo baba.

Miezi kumi. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa na maelezo ya kofia. Nikasema marahaba, na sauti ikakatika katikati kama uzi mbovu.

Mtoto alikuwa kwenye kile kipande cha kijani, amefungwa vizuri, masikio nje. Namnyaki akaingia, akamchukua, akamleta mlangoni. Nikanyoosha mikono. Hakunipa. Alishika ncha ya kiblanketi kwa vidole viwili, akaisugua. Polepole. Naujua usuguaji ule.

Akachomoa uzi mmoja.

Nikasema upepo ni mkali, uzi utaleta moshi kwa mtoto. Akampa Kandida mtoto. Nikasema sufu huwasha ngozi changa, wataalamu wote wanajua. Akachukua kiberiti kwenye jiwe la jiko. Njiti ya kwanza ilizimika na upepo, nikamshukuru Mungu. Ya pili ikawaka. Uzi ukajikunja, ukayeyuka. Hakukuwa na harufu ya nywele. Akasubiri kidonge kipoe, akachukua mkono wangu, akakiweka kiganjani.

Kandida akasema, mkuki kwa nguruwe. Hakumalizia. Hakukuwa na haja.

Namnyaki akaniambia kwa utaratibu, kama mtu aliyepanga maneno yake muda mrefu. Akasema, lile blanketi mimi nilidanganywa dukani, baba Nice. Mimi si fundi. Niliambiwa sufu, nikaamini, nikaleta kwa moyo wangu wote. Wewe ni fundi. Wewe nani alikudanganya?

Nikafungua mdomo kusema kuhusu ngozi changa. Majibu yangu manne yote yalikuwa tayari. Nikamwona Nice ananiangalia kutoka kitandani, ameshika kifungo kimoja cha shanga. Mdomo ukasema, nisamehe, mama Yiamat.

Sijui ilitokaje. Ilitoka yenyewe.

Akasema amenisamehe tangu siku alipoona matundu kumi na mawili bila kifungo. Alijua mtu anayefanya ujinga mkubwa kiasi kile ana uchungu na mwanawe. Nikauliza kwa nini basi amechoma uzi. Akasema hakutaka nife bila kujua inavyouma.

Nice alicheka mpaka akaanza kulia, na mtoto akaanza kulia, na Kandida naye. Namnyaki akanipa kikombe cha maziwa, halafu akanipa mtoto. Mzito kuliko anavyoonekana. Nikamvalisha kofia. Imekuwa kubwa, imeshuka hadi kidevuni. Nikaipandisha nyuma ya masikio. Masikio ni yangu, hakuna wa kubisha.


Jumamosi, 2 Agosti

Wako Kijenge! Nice na mtoto chumba cha nyuma, Kandida jikoni, nyumba nzima inanuka mtori. Mlima umefunguka leo, mweupe kidogo kileleni. Asubuhi niliwasha mashine, kitoto kikalala hapo hapo kwenye kikapu cha nyuzi. Nimefuma mikono ya masweta mawili bila sababu.

Namnyaki naye amekuja kwa siku chache. Siku chache zimekuwa sita. Amekaa kwenye kiti changu. Ametazama vifungo vyangu vya mbao akasema vizuri, vitafaa kwa mbuzi. Nimenyamaza. Nimebadilika.

Kwa ajili ya kumbukumbu, naandika ukweli ulivyo. Kilichowarudisha ni sweta. Bila sweta kusingekuwa na kipande, bila kipande kusingekuwa na uzi, bila uzi kusingekuwa na kiberiti, na bila kiberiti lile neno lisingenitoka. Kwa hiyo mpango wangu ulifaulu hatua kwa hatua. Nisamehe lilikuwa ajali njiani.

Kesho wageni wanakuja kumwona mtoto. Sia, mdogo wake Kandida, amepiga simu kutoka Moshi. Anamletea mtoto shali. Amesema mara mbili, kwa majigambo, kwamba ni sufu tupu, imetoka nje ya nchi. Sufu tupu! Sia, ambaye hajui tofauti ya kondoo na pamba.

Kandida aliuona uso wangu. Ameficha viberiti vyote vya nyumba hii, hata kile cha jikoni. Hajui kwamba mchana nilipita dukani nikanunua cha gesi. Nimekijaribu uani. Kinawaka hata penye upepo.